Daraja la Chuma la Mto Tsavo: Jinsi ya Kulisoma Daraja la Kale na Sababu ya Kulilinda

Kaunti ya Embu haina reli. Stesheni iliyo karibu nasi ni ya Sagana, katika kaunti jirani ya Kirinyaga, kwenye njia ya treni inayotoka Nairobi kupitia Thika hadi Nanyuki. Njia hiyo ilifika Thika mwaka 1913 na Nanyuki mwaka 1930, na baada ya kukaa miaka mingi bila kutumika ipasavyo, ilifufuliwa mwaka 2020.

Hata hivyo, historia ya reli inatuhusu sisi pia. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka 7 baadaye, mwaka 1906, utawala wa Kiingereza ulianzisha kituo chake hapa Embu. Wanajeshi, maafisa na mizigo yao walifika bara upesi kwa sababu reli ilikuwa imefika Nairobi. Na reli isingefika Nairobi bila madaraja.

Katika somo la toleo hili tunaliangalia daraja moja kati ya hayo, yaani daraja la reli la Mto Tsavo, lililokamilika Februari 1899, Malkia Victoria wa Uingereza akiwa bado hai. Wengi wetu tumesikia habari za simba wa Tsavo. Wachache wamewahi kusikia habari za daraja lenyewe. Tutajifunza lilivyojengwa, waliolijenga, na namna ya kulisoma daraja lolote la zamani kama mtu anavyosoma hati. Mwishoni tutarudi nyumbani, kwa sababu jambo hili linagusa mali ya umma iliyopo katika vijiji na wadi zetu.

RELI YA UGANDA KWA UFUPI

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi Mei 1899, na kufikia Ziwa Victoria mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo, Desemba 1901. Malkia Victoria alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo. Upana kati ya reli mbili ulikuwa mita 1 kamili, na ndiyo maana mpaka leo wahandisi huiita reli ya mita. Reli ya kisasa ya SGR ina upana wa milimita 1,435.

Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Kwa jumla walikuwa takriban 32,000, na takriban 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha. Malaria, kuhara, vidonda na ajali viliua wengi kuliko mnyama yeyote wa porini.

Kila mto uliokutwa njiani ulihitaji daraja, na madaraja hayakufanana. Ili reli itoke kisiwani Mombasa kwenda bara, lilijengwa daraja pale Makupa, likaitwa Salisbury kwa jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Baada ya Nakuru, katika milima na mabonde ya Mau, yalihitajika madaraja marefu ya chuma 27, na kazi hiyo ikapewa kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company. Vipande vyake vilitengenezwa Marekani, vikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, kisha vikapandishwa kwa treni mpaka Mau na kuunganishwa huko.

Daraja la Tsavo liko kati ya hayo. Ni fupi kuliko yale marefu ya Mau, lakini mambo mengi yamehifadhiwa ndani yake.

MAHALI NA KAZI YENYEWE

Mto Tsavo hupata maji yake kutoka upande wa Kilimanjaro na kutoka chemchemi ya Mzima, kisha huungana na Mto Athi na kuwa Galana. Mahali reli inapouvuka ni takriban kilomita 212 kutoka Mombasa. Enzi hizo palikuwa kichaka kikavu chenye miiba, na tangu zamani misafara ya kutoka pwani ilikuwa ikipiga kambi hapo kwa sababu ya maji.

Mhandisi aliyetumwa kusimamia ujenzi alikuwa John Henry Patterson, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa ameshafanya kazi India. Alifika Mombasa Machi 1898. Alipofika Tsavo, reli ilikuwa imeshapita juu ya daraja la muda, na kazi yake ikawa kujenga la kudumu.

Tatizo la kwanza lilikuwa mawe. Nguzo za daraja zilihitaji mawe magumu ya kuchonga, na hapo karibu hayakuonekana. Patterson anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1907, The Man-Eaters of Tsavo, kwamba aliyagundua kwa bahati siku moja akiwinda kanga: alishuka katika korongo akakuta mawe aliyokuwa akiyatafuta. Akatandika reli ndogo ya vigari kuelekea huko, na kwa kuwa njia hiyo ilibidi ivuke mto, akajenga vivuko vyepesi vya muda.

Mawe yakachongwa, nguzo zikapanda kutoka kwenye kitako cha mto. Boriti nzito za chuma zikaletwa kwa treni kutoka pwani. Hapakuwa na winchi kubwa za kisasa. Mawe yaliinuliwa kwa magogo marefu yaliyosimamishwa na kufungwa pamoja kileleni, na boriti zilisogezwa kutoka nguzo moja hadi nyingine juu ya mategemeo ya muda ya mbao, kisha zikashushwa taratibu mahali pake.

Daraja lilikamilika tarehe 7 Februari 1899. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ilinyesha na mto ukafurika. Vile vivuko vya vigari vilivyokuwa upande wa juu viling'olewa na kusukumwa na maji mpaka vikagonga nguzo za daraja jipya. Nguzo hazikutikisika. Hakuna cheti cha mhandisi kinachoshinda ushahidi kama huo.

SIMBA, NA WATU AMBAO HAWAKUANDIKWA

Kuanzia Machi hadi Desemba 1898, simba dume wawili wasio na manyoya shingoni waliwavamia watu kambini usiku. Vibarua walijenga maboma ya miiba kuzunguka mahema, wakawasha mioto, wengine wakalala juu ya miti, lakini mashambulizi hayakukoma. Tarehe 1 Desemba mamia ya vibarua walilisimamisha treni kwa kulala juu ya reli, wakapanda na kuondoka. Kazi ya daraja ilisimama kwa takriban wiki 3. Patterson alimpiga risasi simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba. Ngozi zao aliziuza miaka ya 1920 kwa jumba la makumbusho la Field Museum mjini Chicago, na simba hao wako huko mpaka leo.

Je, waliua watu wangapi? Hapa msomaji anapaswa kuwa makini. Katika kitabu chake Patterson alitaja Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao hawakuandikwa popote. Baadaye idadi ya 135 ikaenea. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2009, uliochunguza nywele na mifupa ya simba hao ili kujua walikula nini, ulikadiria takriban watu 35.

Jambo linalotuhusu zaidi ni lile la pili: Waafrika hawakuandikwa. Wahindi walikuwa na mikataba, hivyo majina yao yalikuwa katika madaftari ya kampuni na serikali. Waafrika waliobeba mizigo, waliofyeka njia na waliokuwa wakiishi jirani hawakuwa na daftari. Waliokufa walizikwa, au hawakuzikwa kabisa, bila kuacha alama ya maandishi. Mawe waliyoyabeba na udongo waliouchimba ndivyo vilivyobaki.

Kuna kisa kingine kisichotajwa katika sinema. Fundi wa mawe alilipwa rupia 45 kwa mwezi, na kibarua wa kawaida rupia 12. Patterson aliona kwamba wengi waliojiita mafundi hawakujua kuchonga mawe, akabadilisha malipo yawe kwa kadiri ya kazi iliyofanywa. Wafanyakazi walikasirika, na kwa maelezo yake walipanga kumwua machimboni. Njama ikashindwa. Kisa hiki tunakipata kwa sauti ya msimamizi peke yake. Hatuna maandishi ya fundi wa Punjab aliyesafiri kwa meli miguu ikiwa imevimba, akaambiwa njiani kwamba mshahara umebadilika. Tunaposoma historia ya jengo lolote, inafaa kuuliza: nani ameisimulia, na nani hakupewa nafasi?

SEHEMU ZA DARAJA NA KAZI YAKE

Sasa tujifunze kulisoma daraja lenyewe. Daraja la boriti, kama la Tsavo, lina sehemu kuu 4.

Ya kwanza ni kuta za kingo. Hizi ni kuta nene za mawe kwenye ukingo wa kila upande. Hubeba ncha za daraja na wakati huohuo huzuia udongo wa tuta la reli usiporomoke mtoni.

Ya pili ni nguzo za katikati. Hizi husimama mtoni na kupokea uzito wa treni. Adui yake mkubwa ni maji yanayochimba mchanga chini ya msingi. Daraja huweza kuonekana zima kwa juu huku msingi wake umebaki hewani. Ndiyo sababu wahandisi hukagua msingi baada ya kila mafuriko, na ndiyo sababu kuchota mchanga karibu na nguzo za daraja ni hatari kubwa.

Ya tatu ni boriti za chuma. Chukua rula ya mwanafunzi. Ishike kwa ncha zote mbili ikiwa imelala, mwenzako aikandamize katikati: inapinda kwa urahisi. Sasa isimamishe kwa ubavu wake, akandamize tena: inakataa. Rula ni ileile na plastiki ni ileile, ila kimo chake kimeongezeka. Boriti ya daraja hutumia kanuni hiyo. Treni inapopita, sehemu ya juu ya boriti hubanwa na sehemu ya chini huvutwa. Katikati hapafanyi kazi kubwa hivyo. Kwa hiyo mafundi walijifunza kuweka chuma kingi juu na chini, na bamba jembamba lililosimama kati yake. Ukiitazama kwa kichwa, boriti hiyo inafanana na herufi kubwa ya I.

Ya nne ni viungo. Siku hizi vyuma huunganishwa kwa kuchomelewa au kwa bolti. Wakati wa Victoria vyuma vya daraja viliunganishwa kwa riveti. Riveti ni msumari mnene wenye kichwa cha mviringo. Hupashwa moto mpaka uwe mwekundu, hupenyezwa katika tundu linalopita kwenye mabamba mawili, kisha ncha ya pili hugongwa mpaka nayo iwe kichwa. Inapopoa, hunywea na kuyavuta mabamba yakabana kabisa. Ukiona chuma kimejaa safu za vichwa vya mviringo kama vifungo vya shati, huenda ni kazi ya mtindo huo wa zamani.

Jambo jingine la kutazama ni ncha za boriti. Chuma hutanuka kwa joto. Boriti ya mita 18 ikiongezeka joto kwa nyuzi 30, kama inavyoweza kutokea porini kati ya alfajiri na saa nane mchana, hurefuka kwa takriban milimita 6. Ni kidogo kwa macho, lakini boriti iliyobanwa pande zote mbili ingesukuma nguzo kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo upande mmoja hufungwa na upande wa pili huachiwa nafasi ya kuteleza. Nafasi hiyo ikijaa mchanga na takataka, daraja huanza kuumia.

KUTOKA CHUMA CHA KUMIMINA HADI CHUMA CHA PUA

Daraja kubwa la kwanza la chuma duniani lilijengwa Coalbrookdale, Uingereza, likafunguliwa mwaka 1781. Vipande vyake vilimiminwa katika kalibu. Chuma cha namna hiyo ni kigumu kinapobanwa, lakini kikivutwa huvunjika kama chungu. Baadaye likaja daraja la chuma kilichofuliwa, ambacho huvumilia kuvutwa.

Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, dhoruba iliangusha sehemu ya daraja la reli la Mto Tay huko Scotland wakati treni ikipita. Takriban watu 75 walikufa. Uchunguzi ulionyesha usanifu mbaya, ujenzi mbaya na matengenezo mabaya, na viungo vya chuma cha kumimina vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoachia. Tangu hapo wahandisi wa reli wakawa waangalifu zaidi kuhusu upepo, vifaa na ukaguzi. Daraja kubwa la Forth, lililofunguliwa Scotland mwaka 1890, lilijengwa kwa chuma cha pua, ambacho ni imara zaidi.

Kwa hiyo Reli ya Uganda ilipoanza mwaka 1896, ilirithi mafunzo hayo yaliyolipiwa kwa maisha ya watu. Unapotazama daraja la zamani la reli hapa Kenya, unaona elimu iliyokusanywa kwa zaidi ya miaka 100 katika nchi nyingi: kiwanda cha ng'ambo, mikono ya mafundi wa India, na mawe na migongo ya hapa kwetu.

URITHI UNAOTUMIKA NI MGUMU KUULINDA

Daraja la Tsavo halikujengwa liwe kumbukumbu. Lilijengwa lipitishe treni. Daraja linalofanya kazi hubadilika: mataruma hubadilishwa, riveti iliyolegea huondolewa, boriti iliyochoka huimarishwa treni zinapozidi kuwa nzito. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, vikosi vya Wajerumani kutoka ng'ambo ya mpaka vilikuwa vikiishambulia reli hii ili kukata njia ya Waingereza, na madaraja yalikuwa shabaha. Mtu anayetafuta chuma kilekile cha mwaka 1899 katika kila sehemu ya daraja la zamani atasikitika. Urithi wa daraja ni pamoja na mabadiliko hayo, mradi yameandikwa.

Mwaka 2017 SGR ilianza kazi kati ya Mombasa na Nairobi, na treni za abiria za reli ya zamani katika safari hiyo zikakoma. Katika eneo hilohilo la Tsavo, SGR hupita juu ya daraja la zege lenye urefu wa takriban kilomita 2, lililoinuliwa ili wanyama wapite chini. Mkaazi wa Embu anayekwenda pwani kwa treni leo hupita Tsavo kwa dakika chache bila kujua kwamba hapo palisimamisha kazi ya dola nzima kwa wiki 3.

Hapo ndipo hatari huanza. Daraja lenye kazi hukaguliwa na hupakwa rangi. Daraja lisilo na kazi nyingi husahauliwa, kutu huingia, kisha mtu mwenye msumeno hufika. Tumeona pia njia ya pili ya kupoteza: lile daraja la Salisbury la Makupa liliondoka baada ya njia ya tuta kujengwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1920, na leo wengi wanaopita Makupa hawajui kwamba lilikuwepo.

Kuna mambo yaliyohifadhiwa vizuri. Jumba la Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, limetunza injini za zamani, picha na vifaa. Humo limo behewa ambalo ofisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani yake huko Kima mwaka 1900 akimvizia simba, naye simba akaingia na kumchukua. Mzazi anayepeleka watoto Nairobi wakati wa likizo anaweza kuwapitisha hapo.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Makaburi na majengo ya kale ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya Serikali ya Kitaifa. Makumbusho, maktaba na shughuli za kitamaduni katika ngazi ya kaunti ni kazi ya kaunti.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inampa Waziri mamlaka ya kutangaza jengo au mahali kuwa mnara wa kihistoria kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Mahali pakishatangazwa, ni kosa kupaharibu au kupabadilisha bila idhini. Wataalamu wa shughuli hiyo ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Vilevile ipo Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015. Anayefanya biashara ya skrepu lazima awe na leseni na aweke kumbukumbu za mauzo na manunuzi yake. Anayenunua bolti za daraja kwa mtu asiyemjua, bila kuandika, anavunja sheria pamoja na mwizi.

JAMBO HILI LINATUHUSU VIPI HAPA EMBU

Tarehe 11 Januari 2022 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Sababu iliyotolewa ni kuanguka kwa minara minne ya njia ya umeme wa nguvu nyingi kati ya Kiambere na Embakasi, na uharibifu wa vyuma vya minara ukatajwa. Kiambere ni bwawa letu, katika Mto Tana, upande wa Mbeere Kusini. Siku chache baadaye Serikali ya Kitaifa ilisimamisha kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu.

Mnara wa umeme na daraja la chuma ni ndugu. Vyote viwili vimeundwa kwa vyuma vilivyounganishwa, kila kimoja kikibeba sehemu ya uzito. Ukiondoa bolti moja, uzito wake unahamia kwa jirani. Ukiondoa ya pili na ya tatu, jirani naye anazidiwa. Muundo huweza kusimama kwa miezi ukionekana salama, kisha siku ya upepo au ya lori zito ukaanguka wote kwa mara moja. Kilo chache za skrepu hununuliwa kwa bei ya unga wa siku moja au mbili. Hasara yake hulipwa na kila nyumba.

Kaunti yetu ni ya mito. Tunavuka Rupingazi, Ena, Thuci, Tana na vijito vingi visivyo katika ramani ya nchi. Kila siku mtoto anapita daraja kwenda shule, mkulima anapeleka kahawa, majani chai au muguka sokoni, mgonjwa anakimbizwa hospitalini. Baadhi ya vivuko hivyo vina umri kuliko wengi wetu, na habari zake ziko vichwani mwa wazee peke yake. Mzee akiondoka, tunarudi palepale pa Tsavo: kazi ipo, waliofanya hawajaandikwa.

Kwa hiyo tunawaomba wakaazi mambo haya:

1. Ukivuka daraja la zamani katika wadi yako, tazama kama kuna kibao au tarehe iliyochongwa kwenye jiwe au chuma. Iandike na upige picha. Usiikwangue wala kuipaka rangi.

2. Waulize wazee: daraja lilijengwa lini, nani alisimamia, mawe yalitoka wapi, vijana wa wakati huo walilipwa au walilazimishwa? Andika jina la aliyesimulia kwa ruhusa yake, pamoja na tarehe ya mazungumzo.

3. Ukiona bolti, vyuma vya pembeni au vibao vimeng'olewa, usingoje mwingine aripoti. Mwambie chifu, msimamizi wa wadi au kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyohiyo. Eleza daraja lipi, upande upi, na nini kimekosekana.

4. Usichote mchanga wala mawe karibu na nguzo za daraja, na umshauri jirani asifanye hivyo.

5. Baada ya mafuriko, kabla ya kupitisha gari au mifugo, tazama kama ukingo umemomonyoka, kama daraja limeinama au kama kuna ufa mpya. Ukiwa na shaka, usivuke, na utoe taarifa.

6. Wenye biashara ya skrepu, takeni leseni na kumbukumbu zenu ziwe sawa. Chuma chenye alama ya reli, barabara, umeme au maji ni mali ya umma. Kikiletwa, kataeni na mtoe habari.

MASWALI YA KUJADILI SHULENI, KANISANI AU KATIKA CHAMA

Kwa nini rula iliyosimamishwa kwa ubavu hubeba zaidi ya iliyolala, na kanuni hiyo mnaiona wapi katika paa la nyumba?

Kwa nini tunajua idadi ya vibarua wa India waliokufa katika ujenzi wa reli, lakini hatujui ya Waafrika?

Daraja la zamani likiacha kutumika, je, ni bora libomolewe na chuma kiuzwe, au lihifadhiwe? Nani agharimie?

Ni daraja gani la zamani zaidi katika wadi yenu, na nani aliye hai leo anayekumbuka lilivyojengwa?

Swali hili la mwisho lisiishie katika mazungumzo. Majibu yenye jina la mto, mahali na jina la aliyesimulia yaandikwe katika karatasi na kupelekwa kwa msimamizi wa wadi, nakala moja ibaki shuleni au katika maktaba iliyo karibu. Mafundi na wabeba mizigo wa Tsavo hawakupata mtu wa kuwaandikia. Waliojenga vivuko vyetu bado baadhi yao wapo.